Mwalimu natumia likizo ya Juni kwenda kuona kazi za watu zilivyo. Nianzie wapi, niulize nini?

BintiRaskazone (Tanga)

Wadau, habari za kazi. Mie ni mwalimu wa Kiswahili na Jiografia, sekondari ya kutwa hapa Tanga, mwaka wa kumi na moja huu. Januari mkuu wa shule alinikabidhi ushauri wa masomo na kazi kwa kidato cha nne. Sababu aliyoitoa kikaoni ni kwamba "Madam anaongea vizuri na watoto." Basi sifa yangu ndiyo hiyo, sina nyingine.

Jumatano moja kijana akabaki baada ya kipindi. Baiolojia yuko vizuri, Kemia inamsumbua. Akaniuliza, "Madam, mtu wa maabara ya hospitali akifika asubuhi anafanya nini mpaka jioni?" Nikamwambia anapima damu. Akauliza, "Kutwa nzima?" Nikacheka. Mwenzangu hakucheka, alikuwa anasubiri jibu.

Nikaja kukaa nikafikiri. Nimetoka dawatini nikaenda chuo, nikatoka chuo nikarudi palepale, ila sasa nimeshika chaki. Hata fildi yangu ilikuwa kufundisha. Mahali pa kazi ninapopajua ni hapa tu, penye kengele. Na mie ndiye ninayewaelekeza watoto wakati wa kujaza Selform, ile fomu ya kuchagua masomo ya mbele! Zamani michepuo ya kidato cha tano tulikariri PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati), PCB, HGL, HKL, basi. Tangu 2024 hizo tahasusi zimefika 65, ukizibandika zinajaza ubao wa matangazo. Nyuma yao wanakuja wa mtaala mpya, wako wa mkondo wa jumla na wako wa amali, yaani ufundi, na tayari mzazi mmoja ameshaniuliza kama amali ndiyo ya waliofeli.

Wavulana ukiwauliza, nusu nzima watakwambia bomba la mafuta. Chongoleani, linakoishia, ni hapo tu, siwalaumu. "Unataka kufanya kazi gani kwenye bomba?" "Yoyote, madam." Bomba lina kilomita 1,443 toka Hoima na hakuna anayeweza kunitajia kazi mbili zinazofanyika humo. Hakuna aliyewaambia kwamba kulijenga ni kazi moja na kuliendesha ni kazi nyingine, na inayobeba watu wengi ni ya kwanza, nayo ina mwisho. Mie mwenyewe bandarini namjua kuli na namjua bosi. Wa katikati siwajui.

Mwaka juzi tulialika mgeni, meneja wa kampuni fulani. Akatuhutubia saa nzima juu ya nidhamu na kumcha Mungu, akagawa madaftari, watoto wakapiga makofi. Alipoondoka nikamuuliza mwenzangu ile kampuni inafanya nini hasa. Naye hajui.

Sasa likizo ya Juni nataka kwenda mwenyewe, siku mbili tatu kila mahali, nikae nione. Sitaki ziara ya kupiga picha. Mnaombaje nafasi namna hiyo? Unauliza nini? Na nifanyeje nisionekane mkaguzi? Naomba kuwasilisha.

FundiGrenda (Buguruni)

Madam, mimi nachomelea mageti na madirisha, niko kwenye hii kazi tangu 2009. Barua iache kwenye mkoba. Ukitangulia na karatasi yenye mhuri, tunajua ni kodi au manispaa, na vijana wawili watapotea kwa mlango wa nyuma. Njoo asubuhi, salimia, sema nina mwanafunzi anaipenda kazi hii, nataka nione ilivyo kabla sijamwambia neno. Utapewa ndoo ukalie.

Vaa viatu vya kufunika na nguo ya pamba. Nailoni cheche ikiiangukia inayeyuka na kugandia ngozi. Ule moto usiutazame kwa macho matupu hata kwa kuibia, usiku utahisi umemwagiwa mchanga machoni.

Maswali: usiniulize changamoto. Ukiniuliza changamoto nitakujibu mtaji, kila mtu anajibu hivyo. Niulize jana nilifanya nini tangu nafungua mpaka nafunga. Halafu niulize kijana wa mwisho niliyemwondoa nilimwondolea nini. Nakwambia kabisa, hakukosa nguvu. Alikuwa hapimi mara mbili. Anakata bomba la mraba pungufu ya sentimita moja, anadhani atajazia kwa moto. Geti halifungi, mteja anarudi nalo kwenye kirikuu, gharama yangu.

Na usiondoke saa nne. Asubuhi wote tuna adabu. Subiri saa nane mteja aje kudai kazi yake haijaisha, hapo ndipo utaiona kazi.

Jambo jingine la kuwaambia watoto. Mimi nilijifunza mtaani, cheti nilikuja kukipata ukubwani kwa urasimishaji ujuzi wa VETA, wale wa ufundi stadi, wanaompima fundi wa mtaani na kumpa cheti. Njia hiyo ipo lakini ni ndefu. Na wale wanaotaka umeme wa majumbani, waambie mapema habari ya leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji. Bila leseni utavuta nyaya wewe, mhuri atagonga mwingine, na hela ya mhuri ni yake.

Chaki_Vumbi

Nauli nani analipa? Posho je? Vipindi 28 kwa wiki, kusahihisha, zamu, sasa na likizo tukashinde kwenye ndoo za watu. Hii ni kazi ya serikali, itutengenezee utaratibu. Walimu tunajipenda kubebeshwa.

BintiRaskazone

Kaka Chaki, kuhusu utaratibu uko sahihi na sikupingi. Ila kijana wangu anamaliza Novemba. Bajaji nitalipa mwenyewe, nitakuletea risiti.

SlaidiYaKwanza (Morogoro)

Mwalimu, nipo maabara miaka sita. Kuingia kwetu kunahitaji utaratibu kidogo, hatufanani na gereji. Muone mganga mfawidhi wa kituo, eleza unataka kuona kazi na si wagonjwa. Utawekwa upande wa darubini, rejesta yenye majina hutaisogelea. Ukikuta wamekukubalia haraka bila masharti, ujue hicho kituo kina matatizo yake.

Kijana wako mwambie stashahada inataka afaulu Kemia, Baiolojia na Fizikia, walau D. Hiyo ni ya kuombea tu, wanaoomba ni wengi. Ila nisikusimulie kazi yenyewe. Nenda ukakae, halafu utuambie umechoka saa ngapi.

MwalimuWaKilifi

Mwalimu mwenzangu, hujambo? Huku Kenya tulilazimika. Mwaka 2025 wanafunzi wa Gredi ya 9 walitakiwa kuchagua mkondo kabla ya kuingia Gredi ya 10 Januari 2026: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Wazazi walikuwa wanajaa shuleni kila Ijumaa wakiniuliza STEM inalipa? Nami mwalimu wa Dini nitajuaje?

Nilikwenda kwa hoteli moja ya ufuoni, siku nne. Siku ya kwanza nilipokewa mapokezi, nikapewa sharubati, nikazungushwa na afisa aliyevaa tai. Sikuambulia kitu. Kesho yake nikaomba niingie kwa geti la nyuma pamoja na wafanyakazi, saa kumi na mbili na nusu. Kumbe hoteli iko huko nyuma! Kuna dobi wenye mashine kubwa kama gari la matatu, kuna fundi wa majokofu, kuna karani wa stoo anayepima samaki na kukataa nusu. Kuna kijana ambaye kazi yake ni maji ya bwawa la kuogelea. Asubuhi na jioni anachota maji kwenye kichupa, anatia dawa, analinganisha rangi na kadi, anaandika klorini na pH kwa daftari. Alipata C ya Kemia. Wanafunzi wangu walikuwa wanajua kazi za hoteli ni mbili, kupika na kubeba sahani.

Ushauri wangu ni mmoja: usiende pekee. Nilienda na mwalimu wa Hisabati, naye akaona vitu ambavyo mimi ningevipita tu. Alisimama stoo saa moja unusu, karani akadhani ametumwa na wenye hoteli.

BintiRaskazone

Wadau, wiki tano zimepita na nina deni la kuwarudishia majibu. Mwalimu wa Hisabati alikwenda kwao likizo, kwa hiyo nilikuwa peke yangu.

Karakana ya Ngamiani nilikaa siku moja. Ndoo nilipewa kweli. Soli ya kiatu imeingia cheche, FundiGrenda hukuniambia habari ya soli.

Kwa wakala wa forodha, anayewatolea watu mizigo bandarini, nilikaa siku tatu, ofisi ndogo yenye feni moja na mafaili mpaka juu ya friji. Nilikwenda nikidhani nitawaona watu wakikimbizana bandarini. Kutwa wanasoma! Kila bidhaa ina namba yake ya ushuru, tarakimu nane, na ukikosea moja mzigo unakaa na gharama ya kuuhifadhi inapanda. Kulikuwa na ankara iliyoandikwa "pampu", basi, neno moja. Yule kijana akampigia mteja mara tatu: pampu ya nini? Ya kusukuma maji inaanzia 8413, ya kujazia upepo baiskeli inaanzia 8414, na ushuru unafuata namba. Mteja anajibu, "Pampu ya kawaida." Mie nimekaa pale namkumbuka mwanafunzi wangu mmoja, binti, Hisabati zero, lakini ukimpa ufahamu hakosi hata alama moja, na ni mbishi wa kuuliza mpaka unachoka. Sikuwahi kumwambia kuna kazi ya namna hiyo, maana sikuijua. Kuna cheti cha uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki, hapa nchini kinatolewa na Chuo cha Kodi. Nimekiandika kwenye ubao wa shule kwa kalamu nyekundu. Mzee wa ofisi ile alifanya kazi enzi meli zinatia nanga mbali na mzigo unaletwa kwa matishari, yale mashua bapa ya mizigo. Anasema gati ilipochimbwa kina na meli zikaanza kufunga hapo hapo, waliojua tishari tu walirudi nyumbani, waliojua na karatasi walibaki. Ndani ya bandari sikuingia, inataka kibali na kibali hakikutoka.

Haya, maabara. Siku mbili kwenye kituo cha afya, na masharti nilipewa tele, Slaidi, kwa hiyo kituo ni kizima. Wengi wanapimwa malaria kwa kipimo cha haraka, lakini siku ile walikuwapo wa darubini. Dada wa maabara anadondosha damu kwenye kioo, tone zito na tone jembamba, anasubiri likauke. Halipulizi wala halianiki juani, anasubiri tu. Anatia rangi, anasubiri tena. Kisha anainama kwenye darubini. Kabla hajaandika kwamba hakuna vimelea, anasogeza kioo mara mia, kila mara anatazama upya. Aliponiachia jicho nikahesabu na mie. Arobaini na kitu shingo ikakaza, nikapoteza hesabu. Yeye alimaliza, akaandika, akachukua kioo kingine. Katikati ya hapo alirudisha kichupa kisicho na namba, nesi akanuna, naye hakuinua hata kichwa.

Shule ilipofunguliwa nikamwita kijana wangu, nikamsimulia yote, hadi shingo yangu. Akauliza, "Anakaa au anasimama?" Nikamwambia kwenye darubini anakaa. "Na redio inaruhusiwa?" Hilo sikuliuliza, nikampigia dada palepale. Akasema ndogo, ya chini. Kijana akaondoka. Siku hizi namuona na daftari la Kemia hata saa ya uji, ila bado anasema hajaamua, na mie simsukumi.

Chaki_Vumbi, risiti za bajaji ninazo.

Desemba nataka fundi majokofu, wale wanaohudumia barafu za samaki kwenye soko la Deep Sea hapa Tanga. Mwenye ndugu huko aniandikie inboksi. Viatu nishanunua vingine.