Je, Gede inafaa safari ya siku nzima kutoka Mombasa?

Binti wa Kibokoni:
Assalaam alaikum, jamaa. Wiki ijayo nitafikiwa na mashemeji zangu kutoka Nakuru. Ngome ya Yesu walikwisha kuizunguka mwaka jana, na sasa wanataka kuuona mji wa kale wenye ukuta. Mimi nimeifikiria Gede, lakini mume wangu anashikilia kwamba huko hakuna ila mawe na kima. Naomba mwenye kuifahamu historia yake anishauri.

Mzee wa Makadara:
Waalaikum salaam, mwanangu. Kima wapo, na wageni wafiche ndizi zao. Lakini mumeo hajaangalia vizuri. Ngome ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 ili watutawale, ilhali Gede ulikuwa mji wa Waswahili wenyewe, uliokaliwa tangu karne ya 12 hivi hadi ya 17. Ulikuwa na kuta mbili: ya nje iliuzingira mji mzima, yapata ekari 45, na ya ndani ilizingira msikiti mkuu, jumba la mfalme na nyumba za mawe za matajiri, huku wenye nyumba za udongo wakiishi baina ya kuta hizo. Kwa hiyo anayevuka ukuta wa ndani anavuka pia mpaka wa tabaka, jambo ambalo waongozaji wengi hulipita haraka mno. Wapeleke pia kwenye kaburi lililochorwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399.

Mpenda Magofu:
Namuunga mkono Mzee, ingawa naona ameionea Ngome kidogo, kwa kuwa Waarabu wa Omani na Waswahili nao waliitawala na kuibadilisha. Gede mimi hunivuta kwa nyumba zake. Baada ya mwanaakiolojia James Kirkman kuanza kuchimba mwaka 1948, nyingi zilipewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake, kama vile mkasi na kauri. Mkasi wa chuma tu, lakini ukisimama katika chumba chembamba kile, ukaona choo na mahali pa kutawadhia, unahisi mwenye nyumba ametoka kisimani sasa hivi. Kuhusu kuhamwa kwake, wapo wanaotaja kukauka kwa visima na wapo wanaotaja mashambulizi ya Waoromo. Mimi naegemea visima, kwa sababu kimojawapo karibu na msikiti kilichimbwa tena kuongezwa kina.

Binti wa Kibokoni:
Ahsanteni sana. Je, tukipanda matatu ya Malindi tutashuka wapi?

Mzee wa Makadara:
Shukeni njia panda ya Gede, pale barabara ya Watamu inapochepuka. Kutoka hapo mtatembea kidogo tu. Ondokeni alfajiri, maana foleni ya Mtwapa haina huruma, na vaeni viatu vya kufunika vidole, kwa kuwa mizizi ya miti imeinua mawe njiani.