Nyumba ya mawe Fife, Scotland: ukuta una unyevu, nje imepigwa saruji

Mnunuzi_Fife
Wakuu, naomba ushauri. Pittenweem kuna nyumba ya karne ya 18 inauzwa: paa la vigae vyekundu, kuta za mawe unene wa milimita 600, imeorodheshwa kama jengo la kihistoria, daraja B. Nje imepigwa plasta ya saruji. Ripoti ya ukaguzi inasema ukuta wa mbele una unyevu mwingi chini, na kampuni moja inapendekeza kutoboa matundu na kuingiza dawa ya kuzuia maji. Nikubali? Kibali kinatoka wapi?

Mwashi_Chokaa
Usikubali, mkuu. Dawa hiyo inahitaji mstari wa mota (udongo wa kujengea) ulionyooka toka kona hadi kona, kama kwenye matofali. Ukuta huo una nyuso mbili za mawe, katikati vifusi na chokaa. Dawa inapotelea kwenye mianya. Halafu kile kipimo cha unyevu cha sindano mbili wanachotumia wakaguzi kinasoma umeme, si maji. Chumvi iliyomo kwenye plasta ya ndani inatosha kukipandisha.

Anza na mifereji ya paa na mabomba yake. Kisha angalia ardhi ya nje: ikiwa imepanda kufikia usawa wa sakafu, ichimbe ishuke angalau milimita 150 chini yake. Mara nyingi tatizo kubwa liko hapo.

Saruji hupasuka nyufa nyembamba, mvua inaingia, kutoka haiwezi. Jaribu kuibandua sehemu ndogo kwanza, kwa tindo na nyundo ya mkono. Mashine itang'oa uso wa jiwe la mchanga pamoja na saruji. Hata kwa mkono, jiwe likianza kubanduka, simama. Viungo kati ya mawe vikwangue kina mara mbili ya upana wake, ujaze chokaa ya haidroli (inayoshika kwa maji) NHL 3.5, sehemu 1 kwa mchanga mkali sehemu 2.5. Acha ukuta ukauke miezi kadhaa. Plasta mpya ya chokaa hurushwa kwa mwiko, haisuguliwi, kisha maji ya chokaa mikono minne au mitano myembamba. Chini ya nyuzi 5 usifanye kazi: chokaa ikigandishwa kabla ya kushika, inamomonyoka yote. Funika kwa magunia mabichi isikauke haraka.

Hati_na_Kibali
Kibali ni cha Halmashauri ya Fife. Historic Environment Scotland, shirika la umma la urithi, ndio wanaotunza orodha ya majengo ya kihistoria. Daraja liwe A, B au C, ulinzi kwa kawaida ni wa ndani na nje, na kufanya kazi bila kibali ni kosa la jinai chini ya sheria ya Scotland ya majengo yaliyoorodheshwa ya 1997. Peleka michoro, picha na mchanganyiko wa chokaa utakaotumia.

Soma hati za umiliki pia. Tangu 1960 National Trust for Scotland, shirika la hisani la kuhifadhi urithi, ilinunua nyumba ndogo nyingi za pwani hiyo, ikazikarabati na kuziuza zikiwa na masharti ya hifadhi yanayomfunga hata mnunuzi wa baadaye. Kama yapo, ruhusa yao ni ya pekee, mbali na ya halmashauri. Wakili ayatafute kabla barua za mkataba hazijakamilika, zikikamilika umefungwa.

Mji_Mkongwe
Kwetu Unguja saruji juu ya mawe ya matumbawe huleta madhara hayo hayo. Tofauti ni kwamba huku jua hukausha chokaa haraka mno. Huko adui ni baridi.

Mnunuzi_Fife
Nashukuru sana. Na plasta ya jasi ya ndani?

Mwashi_Chokaa
Itoe palipoharibika tu, lakini baada ya nje kukauka. Ukiibadilisha mapema, chumvi itahamia kwenye mpya.