Tupeane uzoefu: mwalimu aliyekujenga au aliyekubomoa

Mama Pacha: Wakuu, habari za jioni. Leo nimempeleka mwanangu kuanza kidato cha kwanza. Pale mstarini mwalimu wa zamu akamwambia binti wa watu, mbele ya wenzake, "Wewe na hesabu wapi na wapi, kajifunze kusuka." Yule mtoto aliinamisha kichwa mpaka paredi ikaisha. Roho imeniuma mno. Tupeane uzoefu, walimu wenu waliwafanya nini?

Sauti ya Kahama: Wangu alikuwa wa Kiswahili, darasa la nne. Kila Ijumaa ananisimamisha nisome gazeti kwa sauti. Leo natangaza redioni.

Dada wa Ukerewe: Mama Pacha umenitonesha kidonda. Nilikuwa darasa la saba, kabla ya MMEM, ule mpango wa serikali wa maendeleo ya elimu ya msingi, kuja 2002, michango ilikuwa haiishi. Baba alishafariki, mama anauza dagaa. Siku ya mchango wa moko, ule mtihani wa majaribio, mwalimu mkuu akatutoa mstarini tusiolipa, tukapigishwa magoti kwenye changarawe hadi mapumziko. Kisha akachukua masweta yetu, eti rehani. Shati langu lilikuwa limechanika kwapani, na ndiyo maana sweta sikulivua hata juani. Wavulana walicheka, nikakimbia nyumbani, nikaapa sirudi.

Haikupita muda ikaja posa, mtu mzima mwenye mitumbwi. Wajomba wakaanza kuhesabu ng'ombe. Jioni moja mwalimu wetu wa sayansi akaja na baiskeli, sweta langu kwenye kapu, limefuliwa na kukunjwa. Kumbe mchango kalipa yeye. Hakuhubiri. Alikaa na mama wakachambua dagaa mpaka giza likaingia, ndipo akasema, "Huyu mtihani atafanya, kesho nampitia." Na kweli akanipitia, kesho na keshokutwa, mpaka siku ya mtihani. Leo mimi ni muuguzi. Walimu wa ofisi moja wale. Mmoja alinivua, mwingine akanivika.

Kijana wa Igoma: Dada umeniliza kwenye daladala.

Bint Tanga: Na yule wa mitumbwi?

Dada wa Ukerewe: Alioa kwingine. Mungu amsaidie aliyempata.

Mzee Kipara: Sweta tu mnalia? Sisi tulichapwa fimbo za mpera na tukawa watu. Watoto wa siku hizi mnawadekeza.

Mpenda Haki: Shikamoo mzee. Kanuni zenyewe zinasema mkuu wa shule ndiye anayechapa, au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi. Viboko visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, kiganjani. Hicho kitabu umewahi kukiona?

Mzee Kipara: Marahaba. Mtoto akimtukana mwalimu, aandikiwe barua?

Mpenda Haki: Aitwe mzazi. Kaka yangu alizibwa kofi, sikio moja halisikii mpaka leo. Huyo naye amejengwa?

Mzee Kipara: Hapo pole, mwanangu. Kofi la sikio hapana.

Ticha wa Bush: Naomba na sisi mtusikilize. Tangu ada ifutwe sekondari 2016 watoto wamejaa, mkondo mmoja una zaidi ya 90. Majina yao najifunzia kwenye madaftari ninaposahihisha usiku. Lakini la kumwambia mtoto akasuke, halina utetezi. Neno la mwalimu mtoto analala nalo.

Bint Tanga: Mama Pacha, mfuate huyo mwalimu kesho asubuhi, umwambie usoni.

Sauti ya Kahama: Thubutu! Mwanao ndiye atakayebaki naye darasani. Nenda kwa mwalimu wa malezi, kimyakimya.

Kijana wa Igoma: Mhamishe tu.

Ticha wa Bush: Asihamishwe. Mtafute mama wa yule binti, mwende wawili, muanzie kwa mkuu wa shule. Mzazi mmoja tunamsahau, wawili tunawaandika.

Mama Pacha: Namba yake nimeshaipata kwa mlinzi. Nampigia sasa hivi.