Mnamtukana Martial kila siku, ile jezi namba 9 alinyang'anywa na nani?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Jana usiku nimetoka kibanda umiza na hasira mpaka chapati niliyonunua mlangoni nikampa mlinzi. Straika wetu wa Man U kakosa bao la wazi, kipa yuko chini, goli tupu. Jamaa nyuma yangu akapayuka, "Huyu naye Martial mwingine!" Kibanda kizima kikaangua kicheko. Hata wale wa Arsenal, ambao huwa wanalipa kiingilio kuja kutuangalia tukiteseka, nao wakacheka.

Yaani jina la Anthony Martial, straika wetu wa zamani, limekuwa tusi. Dogo wa mtaani akipiga danadana vibaya, Martial. Bodaboda akikawia, Martial. Sasa mimi nina maswali yangu na leo mtanijibu.

Tuanze na bei. Tarehe 1 Septemba 2015, siku ya mwisho ya dirisha, Man U inamchukua kijana wa miaka 19 kutoka Monaco. Kazaliwa Massy, mpira kaanzia Les Ulis, kitongoji cha Paris walikopita Thierry Henry na Patrice Evra. Paundi milioni 36 papo hapo, na nyongeza ambazo zingeweza kuisukuma bei mpaka karibu milioni 58. Iliripotiwa kwamba mojawapo ya hizo nyongeza ingelipwa dogo akiingia kwenye orodha ya wagombea wa Ballon d'Or. Rudieni kusoma hapo. Mtu mzima anakaa mezani, anasaini karatasi inayosema huyu mtoto huenda akagombea Ballon d'Or, halafu miezi kumi baadaye anamvua jezi ampe mwingine.

Kocha wetu wa wakati huo, Van Gaal, mwenyewe alisema hakumnunua kwa ajili yake, kamnunulia kocha atakayekuja baada yake. Kumbukeni hiyo kauli, tutairudia.

Tarehe 12 Septemba, Liverpool wako Old Trafford. Kwetu ilikuwa saa moja na nusu usiku. Kibanda chetu cha Manzese kilijaa hadi watu wamekalia ndoo. Dogo akaingia kipindi cha pili kuchukua nafasi ya Mata, na wengi tulikuwa hatujui hata jina lake linatamkwaje. Mwenye kibanda alikuwa anasema "Marshali", kama cheo cha jeshi. Tuko mbele 2-0, umeme ukakatika. Jenereta ikagoma. Mtu anavuta kamba, anavuta, anatukana, anavuta tena. Picha iliporudi tukakuta matokeo ni 2-1 na marudio yanaonyesha Benteke amepiga tikitaka ya ajabu. Hapo roho juu. Hatujamaliza kulaumu jenereta, mpira ukamfikia Martial upande wa kushoto. Beki wao Skrtel mbele yake. Akatulia. Akaingia ndani taratibu kama mtu anayekwepa dimbwi asilowe viatu, Skrtel akapita kama basi lisilosimama kituoni, na dogo akausukuma mpira kona ya mbali kwa upande wa mguu, bila nguvu, bila presha. 3-1. Ndoo zilipasuka siku ile, na sisemi kwa mafumbo, mwenye kibanda alitudai ndoo mbili.

Wiki iliyofuata akawafunga Southampton mabao mawili kwao. Akawa mchezaji bora wa mwezi Septemba. Mwisho wa mwaka akabeba Golden Boy, tuzo ya kijana bora anayecheza Ulaya. Kwa hiyo msiniambie habari za "hakuwahi kuwa na kitu".

Mimi baada ya zile za Southampton nilikwenda Kariakoo. Jezi feki, sifichi, elfu kumi na tano, na elfu tatu nyingine kubandikiwa MARTIAL na namba 9 mgongoni. Jamaa alikuwa na pasi ya mkaa, anaweka gazeti juu ya jezi, anakandamiza, anahesabu mpaka kumi kwa sauti. Nikavaa palepale ingali ya moto.

Msimu ule alimaliza na mabao 17 mashindano yote. Nusu fainali ya FA na Everton pale Wembley, dakika za majeruhi, nani alifunga la pili? Yeye. Fainali tukampiga Palace, tukabeba kombe letu la kwanza tangu Ferguson aondoke, ukitoa Ngao ya Jamii ambayo mimi siihesabu. Na jambo wengi mmesahau: Rashford alianzaje? Februari 2016 Martial aliumia akipasha misuli kabla ya mechi na Midtjylland ya Denmark, wakamtafuta mtoto wa akademi wa kuziba pengo. Akafunga mawili. Tangu pale Martial akaanza kusukumwa kushoto, na kushoto kukawa kwao.

Kiangazi kikaja. Van Gaal kafukuzwa, "kocha atakayekuja" akawa Mourinho. Akashuka na straika Zlatan Ibrahimovic, miaka 34, bure kutoka PSG. Zlatan anataka namba 9. Akapewa. Martial akapewa 11.

Sasa hapa mnielewe. Zlatan alifunga mabao 28 msimu ule, simkatai hata kidogo. Lakini mlikuwa na mtoto wa miaka 20, mlimlipia fedha ambazo hazijawahi kulipwa kwa kijana wa umri wake, kamaliza msimu akiongoza kwa mabao kwenye timu, na zawadi yake ni kuvuliwa jezi na kupelekwa pembeni kumkimbiza beki wa kulia wa wapinzani. Msimu huo akafunga manne tu ligi kuu. Mnashangaa nini?

Na mimi na jezi yangu! Nilirudi Kariakoo kwa yule wa pasi. Akacheka mpaka akakaa chini. Akaibandua 9 kwa ncha ya kisu na kunibandikia 11. Ile 9 ikaacha kivuli chake, gundi imekauka haitoki kwa sabuni wala mafuta ya taa. Nikatembea mwaka mzima na namba isiyoeleweka mgongoni, kinyozi wangu akawa ananiita "Mia na Tisa".

Haya, endeleeni. 2017 akaja Lukaku, 9 ikapita tena mbele ya macho yake. Oktoba hiyo tunacheza na Tottenham, 0-0, Mourinho anamtoa Rashford anamwingiza Martial, watu uwanjani wanazomea. Dakika kumi na moja baadaye kafunga, 1-0, kwisha. Januari 2018 sasa, dogo ameanza kuwa moto pale kushoto walikompeleka wenyewe, klabu inamleta Alexis Sanchez, miaka 29, winga ya kushoto! Tukatumiwa na video anapiga kinanda. Mechi 45, mabao 5. Hiyo ndiyo hasara, wakuu. Mbona hamsemi "huyu Sanchez mwingine"?

Sanchez kakaa juu yake, Martial kakosa Kombe la Dunia la 2018. Kocha wa Ufaransa, Deschamps, kamweka orodha ya akiba, wenzake wakarudi na medali ya dhahabu. Kiangazi hichohicho mwanawe akazaliwa, akaondoka kambi ya Man U Marekani kwenda Ufaransa kumpokea, na Mourinho akasimama mbele ya waandishi kulalamika kwamba mtoto keshazaliwa na baba bado hajarudi. Mimi nina watoto wawili. Bosi angenisema hivyo kwenye televisheni, sijui ningemkimbilia mpira wa nani.

Halafu tazameni alipopata kocha wa kumwamini. 2019 Solskjaer anamwachia Lukaku aende Inter, anamrudishia Martial namba 9, anamwambia wewe ndiye straika. Mabao 23. Ishirini na tatu! Juni 2020 akawapiga Sheffield United matatu peke yake, hat-trick ya kwanza ya Man U kwenye ligi tangu Van Persie mwaka 2013. Na bahati ya huyu mtu ilivyo, siku anapofanya hilo uwanja mtupu kwa sababu ya korona. Kaondoka na mpira wake kwapani, viti vinamwangalia.

Klabu yenye akili ingesema sawa, tumempata, tujenge hapo. Yetu Oktoba ikaleta Cavani, miaka 33. Agosti iliyofuata ikaleta Ronaldo, 36. Kila dogo akiinua kichwa, analetewa mzee amkalie.

Sasa nisije nikaonekana namwabudu. Martial alikuwa na makosa yake na nilimtukana mimi mwenyewe mara nyingi tu, kwa sauti. Kukaba alikuwa hataki. Kuna mechi alikuwa anatembea kama mtu aliyetumwa dukani na hakupewa hela. Ile kadi nyekundu dhidi ya Tottenham Oktoba 2020, siku tuliyopigwa 6-1, Lamela kamchokoza na yeye kamgusa shavu, ni ujinga, dakika ya 28 timu inabaki kumi. Alipokwenda Sevilla kwa mkopo 2022 aliondoka na bao moja. Na majeraha, nyonga, msuli wa paja, kinena, tena na tena. Hayo yote ni kweli.

Lakini "mvivu" mnalitoa wapi? Mnalitoa usoni kwake. Hacheki. Anafunga bao anatazama chini kama anatafuta sarafu iliyomdondoka. Na nyie wa Arsenal msijifiche, Anelka mliletewa kutoka PSG ana miaka 17, kwa takriban nusu milioni ya paundi. Magazeti ya Uingereza yakambandika jina la mnunaji, kwa sababu hiyohiyo ya uso. Tofauti ni kwamba kocha wenu Wenger alimwacha acheze mbele katikati. Akafunga fainali ya FA 1998, mkabeba na ligi, mwaka uliofuata akafunga 17 kwenye ligi, mkamuuza Real Madrid kwa zaidi ya milioni 22 na fedha hizo zikamleta Henry. Mnunaji yuleyule! Kumbe kununa hakuzuii kufunga, kinachozuia ni kupelekwa pembeni.

Na kuna wengine hawakuishia kwenye "mvivu". Januari 2021, tulipofungwa na Sheffield United nyumbani, yeye na Axel Tuanzebe walitumiwa matusi ya kibaguzi mitandaoni. Tuanzebe huyo kazaliwa Bunia, Kongo, ndugu yetu kabisa. Sitaki kuona mtu kwenye uzi huu anacheka habari hiyo, nitamripoti kwa mods.

Yaliyobaki hayana utamu. Kocha wa muda Rangnick alisema dogo hakutaka kuwemo kikosini kwenye mechi ya Villa, dogo akajibu mtandaoni kwamba hajawahi kukataa kuichezea Man U, kila mtu akachagua wa kumwamini. Kocha aliyefuata, Ten Hag, alimpenda alipokuwa mzima, na alikuwa mzima siku za kuhesabu vidole. City walipotupiga 6-3 aliingia akafunga mawili, hakuna aliyeyakumbuka kesho yake. Mechi ya mwisho ilikuwa Desemba 2023, Bournemouth wakatupiga 3-0 nyumbani kwetu. Akaenda kufanyiwa upasuaji wa kinena, mkataba ukaisha Juni 2024, akaondoka bure. Akaenda AEK Athens ya Ugiriki, kisha Monterrey huko Mexico. Mechi 317, mabao 90, makocha wanne wa kudumu na wa muda juu yao.

Mabao 90 jamani. Kwa mtu mnayesema hakucheza.

Na kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba hawakujifunza. 2023 wakamleta Hojlund, miaka 20, zaidi ya paundi milioni 60, wakamwacha peke yake mbele bila mtu wa kumpasia. Bao lake la kwanza la ligi likaja Boxing Day. Alipoondoka Martial wakampa ile ile namba 9, mwaka mmoja mbele wakampeleka Napoli. Kibanda kikacheka vilevile. Jamaa yuleyule wa nyuma yangu, namjua kwa kikohozi.

Kwa hiyo wewe wa jana, najua unasoma humu. Swali langu ni moja tu. Nitajie msimu mmoja ambao Martial alianza akiwa straika wa kati namba moja, mzima, kocha anamtaka, bila mzee yeyote kuletwa juu yake, akashindwa. Mmoja tu. Wa 2019 tumeshauona. Usiniletee picha za kuchekesha, niletee msimu.

Jezi bado ninayo. 2019 alivyorudishiwa 9 niliibandua ile 11 mwenyewe, kwa kucha, na kivuli cha zamani kilikuwa palepale kinasubiri. Herufi ya T imedondoka, imebaki MAR IAL. Jana wameniuliza naiuza shilingi ngapi wakafanyie deki.

Siuzi.