MREJESHO: Ile baiskeli ya kila njia, tairi zimeingia na mlio umekwisha

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama fremu yangu ya zamani ya chuma inaweza kupokea tairi za upana wa milimita 40, na ule mlio wa "kwa-kwa" kila nikikanyaga pedeli unatoka wapi.

Tairi zimeingia, kila upande imebaki nafasi ya milimita 5 hivi. Presha nimeshusha hadi PSI 35. Kwenye changarawe mikono haifi ganzi tena. Kwenye lami inakuwa nzito kidogo, poa tu.

Mlio ndio ulionitoa jasho. Mliosema ni pedeli, hapana, ni beringi za katikati, zile zinazozungusha ekseli ya pedeli ndani ya fremu. Kikombe kinachoshika beringi hizo upande wa cheni kwenye fremu kama hii kina thredi za kinyume: kukifungua unazungusha kufuata mishale ya saa, kule ambako kwa kawaida ni kukaza. Aliyenikumbusha hilo Mungu ambariki, maana spana nilishaishika. Ndani grisi imekauka, thredi zimejaa mchanga. Nimesugua kwa mswaki, nikapaka grisi mpya, kimya!

Bado gia. Gia yangu nyepesi kabisa ni meno 40 mbele, 42 nyuma, na mlima mkali nikiwa na mizigo nashuka nasukuma. Nitafunga 38 mbele iwe nyepesi zaidi.