Naweza kuandika "jik" kwenye stika ya chupa zangu?

Mama Zuhura, Kisauni

Assalaam aleikum ndugu zangu. Natengeneza dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, nauza kwa kupima pale Kongowea. Wateja hawana jina jingine: "Nipimie jik ya ishirini." Hata mwenye hoteli anayebeba jerikeni nzima huita jik. Sasa nataka kuitia kwenye chupa za nusu lita zenye stika yangu. Jirani anasema niandike JIK kwa herufi kubwa, ati jina limeshakuwa la kila mtu kama kiwi ya viatu. Roho inasita. Dawa ni yangu, chupa nimenunua mwenyewe. Kuna kosa?

Mchapa Stika, Mwembe Tayari

Waaleikum salaam mamangu. Usiandike. Kazi hii huletewa mara kwa mara na huikataa, hata mteja akiongeza pesa.

Jik ni alama ya biashara iliyosajiliwa, na ina mwenyewe. Mteja akiita atakavyo hana kosa, yeye anaomba tu. Stika humwambia mnunuzi chupa imetoka kwa nani. Mtu wa Likoni akikuta JIK kwenye chupa yako, ataamini imetoka kwenye kiwanda ambacho hakijawahi kuiona.

Ni kweli majina hupotea. Mwaka 1921 mahakama ya Marekani iliamua kuwa kwa mnunuzi wa kawaida "aspirin" lilikuwa jina la dawa yenyewe, kampuni ya Bayer ikalipoteza huko. Thermos nayo yaliipata 1963. Lakini Kanada, Aspirin ni mali ya Bayer mpaka leo. Na mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya Marekani ilisema watu kusema "ku-google" hakutoshi kuifuta alama ya Google. Hapa kwetu Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, huangalia zaidi wafanyabiashara wa bidhaa hiyo wanalitumiaje neno. Mazungumzo ya sokoni peke yake hayafuti alama.

Muuza Vikoi, Biashara Street

Mimi hili linaniuma. Jina lao tusiliguse, yetu je? "Hakuna matata" Disney waliisajili Marekani kwa fulana mwaka 2003. Maneno ambayo kila mtoto wa pwani anayasema!

Mchapa Stika, Mwembe Tayari

Una haki ya kuumia, kaka, hata mimi sijaridhika na hilo. Ila kumbuka kikoi. Miaka ya 2000 kampuni ya Uingereza iliomba kusajili neno "Kikoy" kule kwao. Wakenya na marafiki zao wakapinga, ombi likaanguka. Jina la kitu chenyewe halifai kumilikiwa na mtu mmoja, na hilo ndilo linalokulinda wewe na majora yako hapo dukani.

Mama Zuhura, Kisauni

Nimeelewa. Basi niite "Nyeupe Pe"?

Mchapa Stika, Mwembe Tayari

Tamu masikioni, mamangu, lakini inaeleza kazi ya dawa, na kila muuzaji ana haki ya kusema dawa yake inaacha nguo nyeupe pe. KIPI, ofisi ya serikali inayosajili alama za biashara, watakusumbua. Tafuta jina lisilohusiana na kufua kabisa, kama Zumaridi. Kwanza waombe KIPI wakutafutie kama kuna aliyekutangulia kwenye kundi la 3, ndilo la sabuni na dawa za kufulia. Ukisajiliwa ni miaka 10, kisha unahuisha. Kwenye stika jina lako liwe juu, na chini yake "dawa ya kung'arisha nguo nyeupe". Onyo la kuweka mbali na watoto lisikose, na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango, uishughulikie kabla hujauza chupa hata moja.

Mama Zuhura, Kisauni

Zumaridi nimeipenda. Jumatatu mwanangu atawauliza KIPI. Wakisema liko wazi, nakuja na chupa upime stika.