Nyanya za rojo kwa mbegu: San Marzano, Roma VF au Rio Grande?

MpishiKisauni: Hamjambo wana bustani. Nyanya za soko la Kongowea hapa Mombasa siku hizi maji matupu, mchuzi nakaa nao jikoni mpaka gesi inalia na bado haujashika. Nataka kuotesha mwenyewe zile ndefu zenye nyama nene. Mbegu nimeona za aina hizo tatu, nanunua Jumamosi. Nichukue ipi?

BabuShamba: Unapanda wapi? Ardhini, guniani, ndooni? Maji ya mfereji au ya kisima? Usipotwambia tutakupigia ramli tu.

KipepeoLikoni: Rio Grande, basi. Ni fupi, haikuchoshi kwa fito, ganda lake gumu, na mbegu unakamua mwenyewe za msimu ujao.

Fundi_wa_Dripu: Hata San Marzano na Roma unakamua mbegu, si chotara hizo. Kwa ladha hakuna ya kuishinda San Marzano. Ila ni ya kutambaa: utafute fito za mita 2 na kila wiki uvunje machipukizi ya kwapani, yale yanayochomoza kati ya jani na shina.

MpishiKisauni: Afuani, nilisahau. Ni uani, mchanga mtupu. Maji ya kisima, yana chumvichumvi. Nataka kusia wiki hii.

BabuShamba: Januari hii? Dada yangu, maua yatakutokea Machi, joto lenyewe. Usiku ukizidi digrii 24 hivi chavua haifanyi kazi, maua yanapukutika yote. San Marzano kwao ni karibu na Naples, huko usiku hupoa. Ngoja. Sia Mei mahali pasipopigwa na mvua, hamisha mwisho wa Juni, upepo wa kusi umeshapoza. Na hizo mvua kinga kila pipa ulilo nalo, hicho kisima kitakuchomea majani.

ShangaziMikindani: Mnazungumza aina, mimi niwaambie mnyauko. Nilinunua miche kwa muuzaji wa kando ya barabara, imenona, kijani kibichi. Ikaanza kubeba. Siku moja adhuhuri naona mmoja umelegea majani, nikadhani kiu, nikamwagilia. Jioni ukasimama. Kesho yake ukalala tena, na jirani yake naye. Hakuna jani la njano hata moja! Mwanangu akakata shina, akalitia kwenye glasi ya maji safi. Tukaona uzi mweupe unashuka taratibu kama tui. Bakteria hao. Safu nzima iliondoka, na pale mahali sikupanda tena nyanya, biringani wala pilipili. Sia mbegu zako mwenyewe, miche ya watu usiilete uani.

KipepeoLikoni: Pole shangazi. Basi achukue Roma VF, hiyo imekingwa mnyauko.

BabuShamba: Imekingwa ule mnyauko wa kuvu tu. V ni verticillium, F ni fusarium. Huo wa shangazi VF haiuwezi.

Fundi_wa_Dripu: Dawa yake ni kubebesha mche wa nyanya juu ya shina la biringani linalostahimili. Kazi ya wembe tu na kibanio.

KipepeoLikoni: Mtu anataka mchuzi, wewe unamfanyia upasuaji.

Fundi_wa_Dripu: Na kitako cheusi je? Hizi ndefu ndizo zinazoozea chini, hasa ukimwagilia leo ukasahau kesho. Mchanga haushiki maji, mwambie atandaze majani makavu na samadi iliyooza vizuri.

MpishiKisauni: Kwa hiyo Jumamosi ninunue ipi?

ShangaziMikindani: Kwani mchuzi wenyewe wa nini? Kama ni pilau, nyanya haina kazi mle.

KipepeoLikoni: Shangazi! Pilau bila nyanya?

ShangaziMikindani: Pilau ni bizari na kitunguu kilichoiva kikawa kahawia. Hiyo yenu nyekundu ni wali wa nyanya.

BabuShamba: Hapo nakuunga mkono.

KipepeoLikoni: Kwetu inatiwa, na sufuria hurudi tupu. Fundi, wewe mwenyeji wa wapi, sema.